Gemu za filamu na miendelezo ya chapuchapu: tatizo ni kalenda, siyo leseni

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikitoka gemu mbovu yenye jina kubwa, humu ndani hukosi mtu wa kusema "gemu za filamu zote takataka", na mwingine anadakia "toleo la pili siku zote linaharibu". Mimi siafiki. Nimecheza nyingi kati ya hizo, mbovu na nzuri, na kadiri ninavyofuatilia zilivyotengenezwa ndivyo ninavyoona jambo moja linajirudia: gemu inaharibika pale tarehe ya kutoka inapopangwa na mtu asiyehusika kabisa na kuitengeneza. Anaangalia filamu inaingia sinema lini, Krismasi iko lini, leseni (ile ruhusa ya kutumia jina la filamu au la mtu) inaisha lini, mwaka wa hesabu wa kampuni unafungwa lini. Studio ndiyo inayokuja kuambiwa mwisho. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga asome kesho.

Tuanze na E.T., gemu ya kampuni ya Atari iliyotokana na filamu ya Steven Spielberg ya kiumbe wa anga za mbali, maana kila mtu anaitaja na wachache wanajua kisa chenyewe.

Mwaka 1982 Atari ilikuwa mali ya Warner Communications, na bosi wa Warner, Steve Ross, alikuwa anamnyemelea Steven Spielberg aje kufanya kazi upande wake. Mazungumzo ya leseni yakakamilika mwishoni mwa Julai. Kiasi kinachotajwa ni dola milioni 20 hadi 25, pesa ambayo haikuwa na mfano kwa gemu ya wakati ule. Sasa sikieni hesabu: kaseti lazima ziwe madukani kabla ya Krismasi, kiwanda nacho kinahitaji muda wake wa kuzizalisha, kwa hiyo gemu iwe imekamilika Septemba 1. Howard Scott Warshaw akapewa wiki tano.

Warshaw hakuwa mtu wa kubahatisha. Yars' Revenge ni kazi yake, na Raiders of the Lost Ark ya Atari 2600, mashine yao ya gemu, pia. Wakamwekea mitambo ya kazi nyumbani kwake ili hata akirudi kulala aendelee kuandika programu. Gemu nzima ina kilobaiti 8. Picha moja unayotumiwa WhatsApp asubuhi, ile ya maua na "siku njema", inaizidi mara kadhaa.

Aliyeicheza anajua inakera wapi. E.T. anatafuta vipande vitatu vya simu, na vipande vimefichwa kwenye mashimo. Sehemu yoyote ya mwili wa E.T. ikigusa ukingo wa shimo kwenye skrini, hata kama ni kichwa tu na miguu iko mbali, anatumbukia. Unamrefusha shingo, anapaa taratibu, anafika juu, unasogeza fimbo kidogo upande usio, huyo chini tena. Mtoto wa Marekani alifungua zawadi yake ya Krismasi akakutana na hilo. Hicho ni kitu ambacho ukimpa mtu wa nje acheze kwa siku mbili tu atakuonyesha, nawe utarekebisha. Lakini siku za kumpa mtu wa nje acheze hazikuwepo ndani ya wiki tano.

Inatajwa kwamba zilizalishwa kaseti karibu milioni 4, zikauzwa kama milioni 1.5. Septemba 1983 malori yakapeleka shehena ya Atari kwenye dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico, ikafukiwa. Kwa miaka watu walibishana kama ni kweli au porojo, mpaka lilipochimbuliwa Aprili 2014, na E.T. zikatoka kweli, ila zikiwa zimechanganyika na gemu nyingine nyingi, hata zile zilizokuwa zinapendwa. Atari ilipoteza zaidi ya dola milioni 500 mwaka 1983. Warshaw amebebeshwa mzigo huo miaka yote, wakati si yeye aliyeamua kaseti milioni 4 wala si yeye aliyekubali Septemba 1.

Haya, geuza upande wa pili. GoldenEye 007, gemu ya James Bond ya Nintendo 64. Filamu ilitoka Novemba 1995. Gemu ikatoka Agosti 1997, yaani filamu imeshatoka sinema, imeshauzwa kwenye kanda za video, watu wanasubiri James Bond anayefuata. Kwa hesabu za watu wa masoko hiyo ni gemu iliyokufa kabla ya kuzaliwa. Waliokuwa wanaitengeneza pale Rare, Uingereza, ni timu ndogo chini ya Martin Hollis, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukamilisha gemu hata moja. Wakachelewa na wakaachwa wachelewe. Ile sehemu ya watu wanne kupigana kwenye skrini moja, ambayo ndiyo kila mtu anaikumbuka, iliingizwa karibu na mwisho kabisa. Ingetakiwa kutoka na filamu, isingekuwemo. Iliuza zaidi ya nakala milioni 8.

Nayo ni leseni ya filamu vilevile, kama E.T. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyewakaba koo na tarehe ya sinema.

Upande wa miendelezo hali ndiyo hiyohiyo. Mfano ninaoupenda, kama "kupenda" ni neno lake, ni Tony Hawk's Pro Skater 5 ya mwaka 2015. Mkataba wa wachapishaji Activision na Tony Hawk, bingwa wa ubao wa magurudumu, ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka huohuo. Gemu ikatoka mwishoni mwa Septemba. Ukinunua diski, ndani kuna gigabaiti 4.6. Ukiiweka kwenye mashine inakwambia shusha kwanza sasisho la siku ya kwanza: gigabaiti 7.7. Kiraka ni kikubwa kuliko nguo! Na bila hilo sasisho unabaki na mafunzo ya kuanzia na sehemu ya kujijengea uwanja, basi. Maana yake diski zilipelekwa kiwandani gemu ikiwa bado inatengenezwa, kwa sababu leseni isingemsubiri mtu. Robomodo, studio iliyoitengeneza, ilifungwa 2016.

Nyingine ni Star Wars: Knights of the Old Republic II, ambayo ni leseni na mwendelezo kwa pamoja. Ya kwanza waliifanya BioWare. Ya pili LucasArts wakawapa Obsidian, studio iliyoanzishwa 2003, na gemu ikatakiwa Krismasi ya 2004. Muda ni mwaka mmoja na miezi michache kwa gemu ya kuigiza yenye maandishi ya kujaza makabati. Uandishi wake kwangu mimi unaipita ya kwanza kwa mbali. Lakini ukifika mwishoni unahisi kabisa mtu amechana kurasa. Wenzako uliosafiri nao saa arobaini wanapotea bila maelezo. Kuna sayari nzima ya maroboti iliyokatwa, na kiwanda cha maroboti wauaji kilichotayarishwa karibu chote kikaachwa ndani ya diski bila mlango wa kuingilia. Mashabiki ndio waliokuja kuvifukua na kuviunganisha, bure, kwa miaka.

Sasa naomba wadau tujadili. Anayesema tatizo ni leseni yenyewe aje na hoja.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa hapa na karanga zangu. Ila mkuu umeruka Assassin's Creed, kwa makusudi au?

#3 Bosi wa Pedi

Mleta uzi umeandika vizuri ila unawaonea huruma sana hawa watu. Mimi nasema kosa ni la mnunuzi. Ubisoft walitoa Assassin's Creed kubwa kila mwaka kuanzia 2009 hadi 2015 bila kupumzika, na tulinunua. Ulitaka waache kwa nini? Mtu anauza maandazi yanaisha kila asubuhi, kesho utamwambia apumzike?

Mpaka walipofika Unity, Novemba 2014. Ile ya Paris. Kuna hitilafu ilikuwa inafuta ngozi ya uso wa mhusika, yanabaki macho mawili, meno na nywele vinaelea hewani, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida, tena ya mapenzi. Na walijua. Wahakiki wa Marekani walifungwa mdomo hadi saa sita mchana siku gemu inatoka, wakati maduka yalianza kuuza saa sita usiku. Saa kumi na mbili nzima watu wananunua gizani. Huo siyo haraka, huo ni mpango.

#4 Mleta uzi

Bosi wa Pedi, hapo kwenye wahakiki sikupingi hata kidogo. Kampuni inayojiamini haifichi gemu mpaka watu wameshalipa.

Lakini angalia kilichofuata. Wiki mbili baadaye Ubisoft wakaomba radhi hadharani, wakafuta uuzaji wa ile tiketi ya nyongeza za msimu, wakatoa nyongeza ya Dead Kings bure. 2015 ikatoka Syndicate, mauzo yakawaonyesha watu wamechoka. 2016 hawakutoa toleo kubwa. Origins ikaja Oktoba 2017, ya Misri, na mfululizo ukafufuka. Jina lilelile, kampuni ileile, studio ileile ya Montreal iliyotengeneza Unity. Walichoongezewa ni mwaka mmoja. Ndiyo hoja yangu yote hiyo.

Na mnunuzi mimi simlaumu kihivyo. Mzazi aliyenunua E.T. dukani 1982 angejuaje? Aliona sura ya filamu mwanawe anayolilia.

#5 Merseyside Red

Mnazungumzia gemu za watu wenye PC za milioni tatu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya PS tuna leseni zetu. Aliyecheza Winning Eleven na PES anaelewa hilo jina langu limetoka wapi. Liverpool haikuwa Liverpool, ilikuwa Merseyside Red. Chelsea ikaitwa London FC. Na hakuna aliyejali! Mpira ulikuwa unachezeka. FIFA walikuwa na majina yote, jezi zote, viwanja vyote, na banda zima lilikuwa linacheza PES. Kwa hiyo leseni ni pambo tu, mchezo ndio mchezo.

Kichekesho ni wale jamaa wa CD. PES ya mwisho rasmi kwa PS2 ni 2014, ila sisi tuliendelea kununua "PES 2016", "2017", "2019" za PS2 kama kawaida. Ni ileile ya zamani, wamebadilisha jezi, wamehamisha wachezaji, wameprinti karatasi mpya ya nje. Elfu mbili, unaondoka. Tukawa tunawacheka. Halafu EA, wenye FIFA, wakaja kufanya hilohilo kihalali! FIFA 20 hadi 23 za Nintendo Switch ziliitwa Legacy Edition: jezi mpya, vikosi vipya, uchezaji ni wa toleo lililopita, na bei si ya banda. IGN, tovuti ya uhakiki wa gemu, walipofika FIFA 21 ya Switch walichapisha tena mapitio yao ya FIFA 20, kwamba nyie mmerudia gemu na sisi tunarudia maandishi.

Angalau yule wa CD alikuwa anakwambia ukweli ukimbana.

#6 Siti ya Mbele

Hahaha #5 umeniua. Yule wa kwetu alikuwa anaweka hadi picha ya Samatta kwenye karatasi ya nje, ndani humwoni.

#7 Mama Konsoli

Naomba nimrekebishe kidogo Merseyside Red. Leseni siyo pambo, ni silaha. Waulizeni Wamarekani na mpira wao wa Kimarekani, ile ligi ya NFL. Mwaka 2004 kulikuwa na ushindani wa kweli: Madden ya EA upande mmoja, na ESPN NFL 2K5 upande wa pili. Hao wa 2K wakashusha bei mpaka dola 19.99, gemu mpya kabisa, tena nzuri, wengine wanasema hadi leo haijapitwa. EA wakalazimika kushusha Madden hadi 29.95. Mteja anafurahi. Desemba mwaka huohuo EA wakasaini na NFL mkataba wa kuwa wao peke yao wenye haki ya timu na wachezaji halisi. Ushindani ukaishia hapo. Hakuna aliyeishinda gemu ya mwenzake uwanjani, mmoja alinunua uwanja.

Baada ya hapo kwa nini ujitume? Mwendelezo wa kila mwaka hauna wa kumkimbiza.

Na kwenye soka lilitugusa pia. Konami walipopata Juventus peke yao, kwenye FIFA 20 Cristiano Ronaldo akawa anachezea "Piemonte Calcio". Jezi ya ajabu, nembo ya ajabu. Watu walinuna. Kwa hiyo wanajali, #5, usiseme hawajali. Wewe ulikuwa mdogo na hukuwa na chaguo.

#8 Merseyside Red

Mama Konsoli nimekubali, shikamoo. Ila eFootball je? Septemba 30, 2021 Konami wanaua jina la PES, wanatoa eFootball 2022 bure, ina leseni ya Barcelona, Bayern, Man United. Wiki hiyohiyo ikawa ndiyo gemu yenye maoni mabovu kuliko zote kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC. Sura za wachezaji zilikuwa kama watu waliofiwa. Wakaomba radhi kesho yake, na toleo lenye afadhali likaja Aprili 2022. Hapo mleta uzi tarehe ilishikwa na nani? Hakuna filamu, hakuna Krismasi.

#9 Mleta uzi

Marhaba kwa niaba yake. Ilishikwa na ligi. Gemu ya mpira ikitoka Januari wakati msimu umeanza Agosti, nani anaihitaji? Wao walikuwa wanahama injini nzima, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, kwenda Unreal, msimu uliotangulia walishatoa sasisho la vikosi tu ili wapate nafasi, na bado nafasi haikutosha. Wangekaa kimya mpaka Aprili ileile wangepata lawama za wiki mbili za kuchelewa badala ya vichekesho vya miezi sita.

#10 Fundi Msimbo

Naandika programu kwa riziki, siyo za gemu, ila nataka kuivuruga hoja ya mleta uzi. Muda mrefu siyo dawa. Aliens: Colonial Marines, gemu ya majoka wa filamu za Aliens, ilitangazwa 2008, ikatoka Februari 2013. Miaka mitano. Na ilikuwa aibu. Maonyesho waliyoonyesha kabla yalikuwa na taa, vivuli, majoka yanatambaa ukutani kwa akili. Iliyouzwa, majoka yanakujia yamesimama wima, yanakimbia moja kwa moja kwenye risasi, mengine yanaganda kwenye kona yakiangalia ukuta.

Sasa kitu kitamu. Miaka kadhaa baadaye kuna mtundu alifungua faili la mipangilio la toleo la PC, lile la maandishi ya kawaida unaloweza kulifungua hata na Notepad. Akakuta mstari unaomfunga kila joka kwenye eneo lake la vita, ili lijue pa kujificha na pa kuzungukia. Neno lililotakiwa ni "tether". Limeandikwa "teather". Herufi moja imezidi. Kwa kuwa jina halipo, injini haikulalamika, ikaupuuza mstari tu. Watu wakafuta ile "a", wakawasha gemu, majoka yakaanza kuzunguka nyuma yao. Haikuwa gemu nzuri ghafla, hapana, lakini ilikuwa gemu nyingine.

Miaka mitano, na hakuna aliyesoma mstari ule. Tarehe iko wapi hapo?

#11 Bosi wa Pedi

Duh. Herufi moja. Na mtu aliilipia bei kamili siku ya kwanza.

#12 Mleta uzi

Fundi Msimbo, hiyo ni hoja nzito na sitaki kuikwepa.

Kwanza, miaka mitano ya kalenda siyo miaka mitano ya kazi. Ripoti zilizotoka baada ya ile aibu zilisema sehemu kubwa ilipelekwa TimeGate, studio nyingine kabisa, na baadaye Gearbox, wenye kazi, wakaichukua tena wakati wachapishaji Sega hawataki kusikia kuahirisha. Kwa hiyo mwishoni ilikamilishwa kwa pupa vilevile. Wewe unayeandika programu unajua kosa kama hilo la "teather" linazaliwa siku gani: siku watu wanafanya kazi mpaka saa nane usiku na hakuna anayekagua cha mwenzake.

Pili, nakubali kuna upande wa pili. Kuna miendelezo iliyofanywa kwa muda mfupi ikawa mizuri ajabu. Majora's Mask ya Nintendo ilifuata Ocarina of Time kwa chini ya miaka miwili, tena kazi yenyewe ilikuwa kama mwaka na kidogo. Fallout: New Vegas ni miezi 18 hivi, Obsidian tena. Siri yao ni kwamba walirithi injini, miti, nyuso, silaha, kila kitu, na ule muda mdogo wakautumia kwenye kile ambacho muda mdogo unaruhusu: Majora wakabuni mji mmoja na siku tatu zinazojirudia, New Vegas wakaandika. Walikata nguo kulingana na kitambaa.

Ukitaka kuona wasiokata hivyo, chukua Dragon Age II ya BioWare, studio ya EA. Ya kwanza Novemba 2009, ya pili Machi 2011. Kuna pango moja mle ndani, utaliingia mpaka ulichoke. Leo ni la majambazi, kesho la wachawi, keshokutwa liko upande wa pili wa nchi kabisa, na bado ni lilelile, wameziba mlango huu wa mawe na kufungua ule. Ramani ndogo pembeni hata hawakuibadilisha, inaonyesha vyumba ambavyo huwezi kuingia. Mwaka wa hesabu wa EA unafungwa Machi 31, na gemu yao kubwa ya mtandaoni ya Star Wars ilikuwa imechelewa. Pengo likatafutiwa wa kulijaza. Mark Darrah aliyesimamia Dragon Age amelieleza hilo mwenyewe baada ya kuondoka BioWare.

Na hiyo New Vegas, wadau msisahau mwisho wake. Mkataba na wachapishaji Bethesda ulikuwa na bonasi iwapo gemu ingefikisha alama 85 kwenye Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki. Ilipata 84. Ilitoka Oktoba 2010 ikiwa imejaa hitilafu, kichwa cha daktari wa mwanzo kikizunguka shingoni kama feni kwenye baadhi ya mashine, na wahakiki wakakata alama kwa sababu hiyo. Chris Avellone wa Obsidian ndiye aliyeitoa hadharani habari ya bonasi mwaka 2012. Aliyepanga muda hakukatwa kitu.

#13 Mama Konsoli

Hapo ndipo ninapokasirika mimi. Siku zote anayeumia ni studio ndogo. Skull Island: Rise of Kong, Oktoba 2023, mtandao mzima ulicheka ile sehemu Kong anamkumbuka adui yake na kumbukumbu yenyewe ni picha moja iliyoganda, imebandikwa tu kwenye skrini. Nami nilicheka. Halafu ikaandikwa kwamba IguanaBee, studio ndogo ya Chile, ilipewa mwaka mmoja, kuanzia Juni 2022 hadi Juni 2023. Mchapishaji GameMill, mwenye leseni ni mwingine, sura inayotukanwa ni ya vijana wa Santiago. Gollum mwaka huohuo, gemu ya The Lord of the Rings, Daedalic wa Ujerumani: walifunga kabisa kitengo chao cha kutengeneza gemu, watu 25 nje.

Mwenye leseni akishalipwa yeye kazi yake imeisha.

#14 Siti ya Mbele

Wakuu swali la nje ya mada kidogo. Leseni ikiisha, gemu niliyonunua inakuwaje?

#15 Mama Konsoli

Kama una diski, ni yako. Kama ilikuwa ya kushusha na ulishalipia, mara nyingi unaendelea kuishusha. Ila mpya haiuzwi tena. Forza Horizon 4 iliondolewa madukani Desemba 2024 kwa sababu ya leseni za magari na muziki, gemu nzima, wala haikuwa mbovu. Alan Wake iliondolewa 2017 kwa ajili ya nyimbo, ikarudi walipolipa upya. EA walipoachana na jina la FIFA mwaka 2023, matoleo ya zamani yenye jina hilo yakaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni wakati gemu yao mpya, FC 24, inaingia. Ndiyo maana mimi diski zangu haziazimwi, hata uwe mtoto wa dada yangu.

#16 Siti ya Mbele

Nimeelewa, shukrani. Sasa mleta uzi, nina PC ya kawaida ya ofisini, haina kadi ya picha ya maana. Katika hizo ulizotaja nianze na ipi?

#17 Mleta uzi

Anza na KOTOR II, yaani ile Knights of the Old Republic II, inakimbia kwenye mashine yoyote ile na ikiwekwa punguzo Steam inashuka sana bei. Kabla hujaanzisha mchezo tafuta ile kazi ya mashabiki ya kurudisha vilivyokatwa, inaitwa The Sith Lords Restored Content Mod, iweke kwanza. Usianze kucheza halafu uiweke katikati, faili lako la mchezo litagoma. Ile sayari ya maroboti ni nyongeza ya pembeni, inapakuliwa kivyake, na ushauri wangu iache mara ya kwanza, inachelewesha hadithi. Ukikwama kwenye kituo cha Peragus pale mwanzo, usikate tamaa, kila mtu huwa anaboreka pale. Piga saa tatu nne utoke, kisha urudi hapa utuambie.

Fundi Msimbo, nawe ukipata hilo faili la Colonial Marines tubandikie huo mstari, kuna wadau wamenifuata inbox wanautaka.